Mbona Mimi Tu? Hesabu ya Karata ya Mwisho

Juzi usiku nilifungwa karata na ami yangu barazani, Mkunazini, hapa Mji Mkongwe. Kufungwa si habari, maana yeye kaanza kucheza kabla sijazaliwa. Habari ni namna nilivyofungwa. Nilikuwa na pointi 52, yeye 40. Mkononi nina seti ya kopa, na kopa ndiyo turufu. Karata moja tu duniani ingeweza kuila: ree ya kopa, ambayo ilikuwa bado haijatoka. Nikajiambia, kama angekuwa nayo si angeshaitoa zamani? Nikaibamiza seti yangu juu ya mkeka kwa fujo. Ami akanywa funda la kahawa, akaweka ree ya kopa taratibu, akasema, "Kumi na moja na kumi, ishirini na moja. Na arubaini yangu, ngapi mwanangu?"

Sitini na moja. Mchezo umekwisha.

Nikaruka: "Ah, Ami, bahati mbaya hii! Karata ya mwisho kabisa!" Akanitazama kama ninavyowatazama wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza. "Bahati mbaya gani? Karata ulizokuwa huzioni ni nne. Tatu n'nazo mimi."

Nasoma takwimu, shahada ya uzamili, na sentensi hiyo moja ilinikosesha usingizi. Alikuwa sahihi kabisa. Na ukiielewa sentensi yake, utaelewa kwa nini watu wengi wanaolia kwamba karata ya mwisho inawaonea hawajaonewa, kwa nini wachache kweli wameonewa, na kwa nini rafiki yangu mmoja anayeendesha bodaboda Dar anapoteza pesa kila Jumamosi huku akiamini anakaribia kutajirika. Twende polepole.

Kwanza, kwa wasiocheza. Mchezo wenyewe ni wahedi wa sitini. Unachukua pakiti ya karata, unatoa nane, tisa na kumi zote, zinabaki karata 40. Ree ina pointi 11, seti (yaani saba) ina 10, mzungu wa nne 4, mzungu wa tatu 3, mzungu wa pili 2, zilizobaki hazina kitu. Jumlisha: kila aina inabeba pointi 30, aina nne ni 120. Nusu yake 60, kwa hiyo mwenye 61 keshashinda, na ndiyo jina: wahedi wa sitini ni sitini na moja kwa Kiarabu. Mkicheza wawili, kila mmoja anapewa karata tatu. Karata moja inafunuliwa kuonyesha turufu, inalazwa chini ya fungu, na nyingine zote zinakaa juu yake zimefunikwa. Kila raundi anayekula anaokota ya kwanza, mwenzake anafuata. Baraza lenu huenda lina kanuni zake nyingine, nami sitaki ugomvi. Hivi ndivyo nilivyofundishwa mimi.

(Jina ni la Kiarabu lakini karata zenyewe ni za Mreno. Kopa, uru, shupaza na pau ni copas, ouros, espadas na paus. Turufu ni trunfo, seti ni sete, na hata neno karata ni lao. Ureno wanao hadi leo mchezo uitwao bisca, wenye karata 40 na pointi hizihizi 11, 10, 4, 3, 2. Wareno waling'olewa Fort Jesus, Mombasa, mwaka 1698 baada ya kuzingirwa na Waomani. Karata zikabaki.)

Sasa turudi kwenye mkeka. Raundi 16 zilikuwa zimeshapita. Kila raundi inameza karata mbili, kwa hiyo 32 zimeshakwenda, na zote nilizishuhudia zikitoka. Ninazo tatu mkononi, naziona. Turufu iliyolala chini ya fungu ni nne ya kopa, naiona. Jumla ni 36. Arubaini toa 36, zinabaki nne tu nisizoziona: tatu mkononi mwa Ami, na moja imefunikwa juu ya ile turufu.

Ree ya kopa ilikuwa miongoni mwa hizo nne, lazima, kwa sababu haikuwa mahali pengine popote. Kama sijui chochote zaidi, kila moja ya nafasi nne ina haki sawa ya kuwa nayo. Nafasi tatu ni za Ami. Kwa hiyo uwezekano kwamba anayo ni 3 juu ya 4, asilimia 75. Mimi nilibamiza seti yangu katika hali ambayo mara tatu kati ya nne italiwa, halafu ilipoliwa nikalalamika bahati. Ni kama mtu anayeanika nguo katikati ya masika halafu anashangaa mvua.

Utasema: lakini ulikuwa na sababu, si ulifikiri angekuwa nayo angeshaitoa? Kweli, na fikra ya namna hiyo si ya kijinga. Mwenzako anapoacha kufanya kitu, kule kuacha kwake nako ni habari. Ila lazima ujiulize habari hiyo ina uzito gani. Mchezaji mwenye ree ya turufu huwa haitoi ovyo. Anaifuga, anasubiri aone kitu cha kula kinachostahili, na seti ya turufu ndicho kitu chenyewe. Kwa hiyo kule kutoiona mapema kulinipa habari kidogo sana, pengine hakuna. Ile asilimia 75 haikushuka popote. Sikusema kwamba kungoja kungeniletea ushindi wa hakika. Nasema nilicheza kama mtu aliyekwisha kushinda, na sikuwa.

Hilo ndilo kundi la kwanza la karata za mwisho, na kwa macho yangu ndilo kubwa zaidi: yale tunayoyaita mikosi kumbe ni hesabu ambayo hatukuifanya.

Lipo kundi la pili, la mikosi ya kweli. Hapo mfano mzuri zaidi ni poka, ule mchezo unaochezwa duniani kwa jina la Texas Hold'em. (Ukienda Kenya ukaalikwa kucheza poka, uliza kwanza. Wengi kule wakisema poka wanamaanisha mchezo mwingine kabisa, wa kumaliza karata mkononi.) Texas Hold'em inatumia karata zote 52. Kila mchezaji ana karata mbili za siri, kisha zinafunuliwa tano mezani ambazo ni za wote, na ya tano, ile ya mwisho, wachezaji wanaiita mto. Unaunda mkono bora wa karata tano kutokana na hizo saba.

Sema wewe una ree mbili, ya shupaza na ya pau. Mezani zimeshafunuliwa nne: ree ya uru, tisa ya kopa, sita ya kopa na mzungu wa pili wa pau. Una ree tatu! Mwenzako ana mzungu wa nne wa kopa na nne ya kopa. Kwa sasa hana kitu, ila ana kopa nne, mbili zake na mbili za mezani. Ikija ya tano, anakuwa na karata tano za aina moja, na hizo zinashinda ree zako tatu.

Tuhesabu kama alivyohesabu Ami. Karata tunazozijua ni nane: mbili zako, mbili zake, nne za mezani. Hazijulikani 44. Kopa zipo 13, nne tumeziona, zimebaki tisa. Wengi huishia hapo na kusema 9 juu ya 44. Ngoja kidogo. Ikitoka ree ya kopa, mwenzako anapata kopa zake tano, lakini wewe una ree nne, umemzika. Ikitoka mzungu wa pili wa kopa, mezani kutakuwa na wazungu wa pili wawili, nawe una ree tatu na jozi, nayo inamshinda. Kwa hiyo karata zinazomwokoa ni saba tu. Saba juu ya 44 ni karibu asilimia 16.

Asilimia 16 ni kitu gani? Ni karibu sawa na kurusha dadu mara moja na kupata sita. Ukiweka pesa ukisema "haitatoka sita", umefanya jambo la busara. Na ikitoka sita? Umepoteza, na bado ulifanya jambo la busara. Hapa sasa una haki ya kusema bahati mbaya. Lakini huna haki ya kushangaa. Hakuna mtu aliyecheza ludo akaona sita ikitoka akadai dunia imemgeuka.

Mambo mawili kuhusu kundi hili hunifurahisha. La kwanza: ili uumizwe na karata ya mwisho, sharti uwe ulikuwa mbele. Mtu anayeingia na karata mbovu kila mara haumizwi na mto, keshaumia zamani. Kwa hiyo mchezaji hodari, anayeingiza pesa akiwa na asilimia 84, ndiye atakayekuwa na hadithi nyingi za kuporwa dakika ya mwisho. Ukimsikia mtu ana hadithi kama hizo chungu nzima, ama ni hodari sana ama ni kama mimi, hakuhesabu. Muulize zilikuwa zimebaki ngapi.

La pili ni la zamani zaidi, la mwaka 1654. Mabwana wawili wa Ufaransa, Blaise Pascal na Pierre de Fermat, waliandikiana barua juu ya swali hili: watu wawili wanacheza, wamekubaliana wa kwanza kufikisha ushindi mara tatu achukue pesa zote, halafu mchezo unakatizwa katikati. Wagawane vipi? Swali hili kila baraza la Unguja linalijua, ila sisi kinachotukatiza ni adhana, au umeme. (Wale mliokuwepo mnakumbuka Desemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu kisiwa kizima bila umeme wa gridi.) Pascal alichukua mfano wa sarafu 64 mezani, mmoja kashinda mara mbili, mwenzake mara moja. Kabla yao watu walitaka kugawa kwa kutazama nyuma, nani keshashinda ngapi. Hawa wawili wakasema tutazameni mbele. Raundi inayofuata, wa kwanza akishinda anachukua zote 64. Akishindwa wako sawa, na kila mmoja anastahili 32. Kwa hiyo 32 ni zake vyovyote iwavyo, na zile 32 nyingine ni nusu kwa nusu. Yeye 48, mwenzake 16. Nadharia ya uwezekano kwa sehemu kubwa ilianzia kwenye barua hizo.

Ukilitia hilo kichwani, maumivu ya mto yanabadilika sura. Kabla ya karata ya tano kufunuliwa, zile pesa za mezani hazikuwa zako zote. Zako zilikuwa asilimia 84. Mto ukija vibaya umepoteza hizo 84. Ukija vizuri hukuvuna zote, umeongezewa zile 16 tu ulizokuwa huna. Sisi tunafanya kosa la kujihesabia zote mapema, kwa hiyo ushindi unaonekana wa kawaida na kushindwa kunaonekana wizi. Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika mwaka 1979 kwamba hasara inatuuma kuliko faida ya kiasi hichohicho inavyotufurahisha. Ndiyo maana mara tano ulizovuka salama umezisahau na ile ya sita unaisimulia hadi leo.

Sasa nije kwa rafiki yangu. Tumesoma pamoja hapa Unguja, yeye akavuka kwenda Dar, anaendesha bodaboda ya mkataba, kila wiki ana marejesho. Jumamosi anatengeneza mkeka: mechi kumi kwenye simu, anachagua timu zinazotarajiwa kushinda, anaweka pesa. Zikishinda zote kumi analipwa. Ikikosa moja, mkeka umechanika. Jumapili asubuhi ananitumia picha: tisa za kijani, moja nyekundu. Na ujumbe ni uleule. "Moja tu bro. Dakika ya 90. Nakaribia."

Hiyo ndiyo karata ya mwisho ya kizazi chetu. Hebu tuihesabu.

Tuseme, kwa ukarimu, kila timu aliyoichagua ina uwezekano wa asilimia 70 wa kushinda. Ni timu nzuri hizo. Zote kumi kushinda ni 0.7 kuzidisha 0.7, mara kumi: inatoka 0.028, yaani karibu asilimia 2.8. Mara moja katika mikeka 35 au 36 hivi. Sasa uwezekano wa kukosa moja tu, kamili: chukua 0.7 mara tisa, zidisha na 0.3 ya ile iliyokosa, zidisha na 10, maana iliyokosa yaweza kuwa yoyote kati ya kumi. Inatoka 0.121. Asilimia 12.

Soma tena. Kukosa mechi moja tu kunatokea zaidi ya mara nne kuliko kushinda. Kwa kila mkeka unaolipa, tarajia minne hivi ya "moja tu bro". Ile picha ya tisa za kijani haimwambii kwamba anakaribia. Inamwambia kwamba anacheza mikeka ya mechi kumi. Mtu yeyote mwenye mikeka ya namna hiyo, hata asiyejua mpira, atazipata picha hizo kwa wingi.

Tatizo ni kwamba ubongo hausomi hivyo. Mwaka 2009 Luke Clark wa Cambridge na wenzake walichapisha kwenye jarida la Neuron utafiti wa watu waliochezeshwa mashine ya kamari huku ubongo wao ukipigwa picha. Walipokosa kidogo, zile sehemu za ubongo zinazoitikia ushindi ziliamka, ingawa hawakushinda kitu. Watu wenyewe walisema kukosa kidogo kunakera kuliko kukosa kabisa, na bado kuliwaongezea hamu ya kucheza tena, hasa pale walipokuwa wamejichagulia picha wenyewe. Kujichagulia. Mkeka je, si unachagua mwenyewe timu kumi?

Na hapa karata na mkeka vinaachana njia. Karata zina kumbukumbu. Iliyotoka imetoka, hairudi mpaka zichangwe upya, ndiyo maana Ami aliweza kujua zimebaki nne. Ukikaza macho unajua zaidi kila raundi. Mkeka wa wiki hii hauna habari na wa wiki iliyopita. Monte Carlo, tarehe 18 Agosti 1913, kigololo cha ruleti kiliangukia nyeusi mara 26 mfululizo, na watu wakamwaga pesa kwenye nyekundu wakisema sasa lazima. Haikuwa lazima, hata mara moja. Kukosa kwa moja wiki nne hakukusogezi popote.

Bado bei. Timu ya asilimia 70, malipo ya haki yangekuwa mara 1.43 ya pesa uliyoweka. Kampuni haikupi hiyo, nayo inataka kula. Tuseme inakupa 1.35. Mechi moja, shilingi 1,000 yako inarudi kwa wastani kama 945. Si mbaya sana. Lakini kwenye mkeka kile kipande wanachokata kinajizidisha pia: mechi kumi, wastani wa kinachorudi ni 568. Mkeka ukilipa utapata kama 20,100, na hiyo ndiyo namba inayong'aa kwenye simu. Ile 568 haiandikwi popote.

Nilimwandikia yote haya, na hesabu zake. Akasoma, maana alama mbili za buluu niliziona. Baada ya kama saa akajibu: "Kwa hiyo nikipunguza, nikacheza mechi tatu?" Nikamhesabia. Zote tatu kushinda ni asilimia 34. Kukosa moja tu ni asilimia 44. Bado "moja tu" inaongoza, ila sasa ile 1,000 inarudi kwa wastani 844 badala ya 568.

"Na nisipocheza?"

"1,000 inabaki 1,000."

Akacheka kwa zile emoji za machozi. Jumapili iliyofuata picha ikaja. Mechi kumi, tisa za kijani. Sikujua nimwandikie nini, nikamuuliza marejesho ya wiki keshalipa. Alama mbili za buluu. Bado nangoja jibu.